AKIBA YA DAMU HUOZA

Ndugu msikilizaji, wahenga walituachia methali isemayo kwamba akiba haiozi. Methali hiyo imewasaidia wazazi wengi kuwafundisha watoto kuweka senti, na imewahimiza wakulima kujaza vihenge wakati wa mavuno. Lakini ipo akiba moja ambayo huoza, tena huoza upesi kama samaki aliyeachwa jikoni bila kupasuliwa. Hiyo ni akiba ya damu. Sizungumzii damu ya kumwongezea mgonjwa. Nazungumzia ile kidogo inayotolewa kidoleni au mkononi kwa ajili ya uchunguzi, pamoja na ndugu zake mkojo, mate na maji ya uti wa mgongo, ambayo wataalamu huyaweka ili wapate kujua siri ya maradhi.

Juma hili napenda tutazame historia ya namna akiba hiyo ilivyowekwa katika Afrika Mashariki yetu. Ni historia isiyoimbwa. Tumezoea kumsifu daktari aliyegundua kijidudu, lakini ni nadra kuuliza damu aliyoipima ilimfikiaje ikiwa ingali nzima. Hapana shaka kwamba bila kuweka vizuri, kugundua hakupo.

Tuanzie mbali na maabara. Tuchukue Matiri, kata iliyomo Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma, katika nchi ya kahawa na ya mashamba ya ngolo, upande wa mashariki wa Ziwa Nyasa. Tuseme leo saa mbili asubuhi mama mmoja wa Matiri ametolewa damu kwa ajili ya utafiti, na mashine ya kuipima iko Mbeya au Dar es Salaam. Kutoka Mbinga mjini hadi Songea peke yake ni kiasi cha kilomita 100, na hapo hatujahesabu mwendo wa kutoka kijijini kufika Mbinga. Je, ndani ya kile kichupa hutokea nini wakati gari linapanda na kushuka vilima?

Kwanza, damu hiyo bado haijafa. Chembe zake zingali hai na zinaendelea kula sukari iliyomo. Katika joto la kawaida, kila saa inayopita sukari hupungua kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 7, isipokuwa kama kichupa kimetiwa dawa ya kuzuia. Atakayeipima jioni atasema mama yule ana upungufu wa sukari, kumbe sukari imeliwa njiani. Pili, chembe nyekundu zikipigwa na joto na mitikisiko hupasuka na kumwaga vilivyomo ndani yake, na vipimo kadhaa vikapotoka. Tatu, vimeng'enya vilivyomo katika damu hukatakata nyuzi za virusi, hata mashine ikose cha kusoma. Nne, bakteria wakipata mwanya wa kuingia, huzaana humo kama katika uji uliolala.

Kwa hiyo kichupa kinaweza kufika mjini kikiwa na namba sahihi na tarehe sahihi, na bado kikawa kimebeba uongo mtupu. Ndiyo hatari ya damu iliyoharibika. Samaki akioza atanuka, nawe utamtupa. Damu iliyoharibika huwekwa mashinani na kutoa jibu kama kawaida, na jibu hilo huandikwa kwenye daftari, likahesabiwa, likapelekwa wizarani.

Sasa turudi nyuma hadi mwaka 1952. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na nchi hii ya Mbinga ilihesabiwa ndani ya Wilaya ya Songea, katika Jimbo la Kusini. Katika jimbo hilohilo, upande wa mashariki, umeinuka uwanda wa Wamakonde, juu ya bonde la mto Ruvuma, mto uleule unaoanzia milima ya Songea. Huko Newala ulizuka ugonjwa ulioshangaza watu. Homa ilikuja ghafla, vipele vikatokea, na viungo vikauma kiasi cha kumkunja mtu asiweze kusimama wima. Wamakonde wenyewe waliupa jina kwa lugha yao: chikungunya, yaani kile kinachokunja. Leo daktari wa Brazil au wa India hutamka neno hilo la Kimakonde kila siku, yumkini bila kujua limetoka wapi.

Daktari Marion Robinson aliandika dalili za ugonjwa huo. Mtaalamu mwingine, Bwana W.H.R. Lumsden, alitoka katika taasisi ya utafiti wa virusi iliyokuwa Entebbe, Uganda, akaenda Newala kuchunguza jinsi unavyoenea. Mwenzake, Bwana R.W. Ross, ndiye aliyefanikiwa kuvitenga virusi vyenyewe kutoka katika damu ya wagonjwa na katika mbu waliokamatwa kule. Taarifa zao zilichapishwa mwaka 1955 na 1956.

Lumsden aligundua jambo la kufikirisha. Uwanda wa Wamakonde una shida kubwa ya maji. Aliyeyapata huyaweka nyumbani, katika mitungi na vyombo vingine, maana hajui kesho atayapata wapi. Na humo ndani ya maji yaliyowekwa ndimo walimozaliana mbu aina ya Aedes aegypti, waliokuwa wakiusambaza ugonjwa. Tazama basi, ndugu msikilizaji: ugonjwa ulienezwa na maji yaliyowekwa, na ulifichuliwa na damu iliyowekwa. Kuweka ni kwema, ila kunataka ujuzi.

Ujuzi huo ulikuwa mgumu. Virusi vya chikungunya hukaa kwa wingi katika damu ya mgonjwa kwa siku chache tu za mwanzo wa homa. Baada ya hapo kinga ya mwili huvifukuza. Ukichelewa kuchukua damu, umekosa. Ukiwahi kuichukua halafu ikapata joto njiani, umekosa vilevile. Na kutoka Newala hadi Entebbe ni zaidi ya kilomita 1,300 hata kama ungeruka kama ndege. Kwamba virusi vilifika vikiwa hai ni jambo la kustaajabisha kuliko hata darubini iliyokuwa ikivingoja.

Vikishafika, viliwekwaje? Hapa ndipo penye kisa kikubwa cha enzi hizo. Njia iliyotegemewa sana ilikuwa kutumia kiumbe hai kama ghala. Damu ya mgonjwa ilidungwa katika ubongo wa vitoto vya panya weupe. Panya wakiugua, ubongo wao ulichukuliwa na kudungwa kwa panya wengine, na hao kwa wengine, mwezi baada ya mwezi. Ni kama moto wa kijijini katika siku za kukosa kiberiti: jiko hili huazima kaa kutoka jiko lile, ili mradi moto usizimike.

Lakini moto wa kuazima una kasoro yake. Kila kirusi kinapohamia kwa mwenyeji mpya, kidogo kidogo hubadilika ili kumzoea. Mfano wake ni virusi vya Zika, vilivyopatikana mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, kutoka kwa tumbili wa maabara aliyepewa namba 766 na kuwekwa juu ya mti kama mlinzi. Virusi hivyo vilipitishwa katika ubongo wa panya karibu mara 150. Miaka mingi baadaye, wataalamu walipolinganisha akiba hiyo katika maabara mbalimbali, waliona baadhi yake imepoteza sehemu ndogo ya gamba la nje. Kwa hiyo Zika ilipotikisa Brazil mwaka 2015, na kila mtu akakimbilia akiba ya zamani ya Entebbe, swali lilikuwa: je, hiki ni kirusi cha msituni au ni kirusi kilichokwisha kuwa cha panya?

Hapa Tanzania tuna mfano mzito zaidi. Huko Tinde, Shinyanga, mwaka 1934 ulianzishwa utafiti juu ya ugonjwa wa malale. Wataalamu walitaka kujua kama vimelea vya malale vikiishi muda mrefu katika wanyama tu, vitapoteza nguvu ya kumwambukiza binadamu. Hawakuwa na namna ya kuvigandisha vikae. Basi walivihamisha kwa mbung'o kutoka mnyama hadi mnyama, kondoo na paa, kwa muda wa miaka 18 na zaidi. Na ili kujua kama nguvu ingalipo, mara kwa mara mbung'o wenye vimelea waliachwa wawaume watu walioitwa wa kujitolea, kisha wakatibiwa. Jibu lilipatikana: nguvu ilikuwapo bado. Lakini gharama ya kukosa ghala la baridi ililipwa kwa miili ya watu. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingekubali jambo hilo, na ni vyema hivyo.

Mlango wa njia nyingine ulifunguliwa kwa bahati. Katika maabara ya Mill Hill, London, watafiti watatu, Polge, Smith na Parkes, walikuwa wakijaribu kugandisha mbegu za jogoo bila kuziua. Tatizo lao ni hili: maji yaliyomo ndani ya chembe yakiganda hugeuka sindano za barafu, na sindano hizo huitoboa chembe. Walijaribu maji ya sukari, hawakufanikiwa. Siku moja wakatumia chupa waliyodhani ni ileile ya sukari, mbegu zikaamka zikiwa hai. Walipoichunguza chupa ile wakakuta ndani yake mna gliserini. Lebo zilikuwa zimechanganyikiwa. Mwaka 1949 walitangaza ugunduzi wao, na dunia ikajua kwamba gliserini kidogo huzuia sindano za barafu. Mwaka 1957 Polge na mwenzake Soltys wakaonyesha kwamba hata vimelea vya malale vinaweza kugandishwa kwa njia hiyo na kufufuka.

Mwaka huohuo wa 1957, Lumsden, yuleyule wa Newala, alipewa kuongoza shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa malale lililokuwa Tororo, mashariki ya Uganda. Yeye na wenzake waliichukua njia ya baridi kali wakaifanyia kazi kwa bidii. Mwaka 1963 walichapisha namna ya kuhifadhi vimelea hai vya malale katika vijibomba vyembamba. Damu kidogo iliyochukuliwa siku moja, kutoka kwa mgonjwa mmoja au mnyama mmoja, iligawanywa katika vijibomba vingi vilivyofanana. Ukitaka kufanya uchunguzi leo, unatoa kimoja. Mwenzako akitaka kufanya uchunguzi uleule baada ya miaka 10, anatoa cha pili, ndugu pacha wa kile chako. Mwaka 1965, akiwa Edinburgh, Lumsden alipendekeza pamoja na mwenzake jina maalumu la akiba ya namna hiyo, ambayo kwa matamshi yetu ni stabileti, yaani kitu kilichotulizwa.

Naomba msikilizaji alishike neno hilo la kutulizwa, maana ndilo kiini cha habari yote. Akiba ya panya ilikuwa inatembea, na kila hatua ilibadilika. Akiba ya baridi imesimama. Katika naitrojeni iliyopozwa hadi ikawa maji, yenye nyuzi 196 za Sentigredi chini ya sifuri, karibu kila kitu ndani ya chembe husimama, na saa ya kuoza haisongi tena.

Faida yake imeonekana katika zama zetu, na hata akiba za zamani ambazo hazikuwekwa kwa ukamilifu zimetoa ushahidi. Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu. Uchunguzi wa damu uliofanyika baadaye ulionyesha kwamba kiasi cha robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Mwaka uliofuata ugonjwa ulivuka hadi Komoro, na kufikia 2006 ulikuwa umewaangusha zaidi ya theluthi moja ya watu wa kisiwa cha Réunion. Swali lilikuwa: kwa nini safari hii umekuwa mkali wa kuenea? Jibu lilihitaji kitu cha kulinganisha nacho, na kitu hicho kilikuwapo. Ni ile akiba ya Newala ya mwaka 1953, inayojulikana kwa alama ya S27, ambayo maandishi yake yote ya urithi yalikuwa yamesomwa mwaka 2002. Walipoweka kirusi kipya kando ya cha zamani, wataalamu waliona miongoni mwa tofauti zake badiliko moja dogo kwenye gamba, ambalo lilikirahisishia kirusi kupanda mbu mwingine, Aedes albopictus, anayeishi hata katika nchi za baridi. Mgonjwa wa Newala aliyetoa damu akiwa amekunjika kwa maumivu aliisaidia Réunion baada ya miaka 50 na ushei.

Mfano wa pili ni wa UKIMWI. Mwaka 1959, katika mji wa Leopoldville, ambao leo ni Kinshasa, damu ilichukuliwa kwa watu kadhaa. Mtafiti wake, Arno Motulsky, alikuwa akichunguza tabia za damu zinazorithiwa na uhusiano wake na malaria. Jina la UKIMWI halikuwapo duniani; hapa kwetu wagonjwa wa kwanza waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Lakini damu ile ya Leopoldville ilikuwa imewekwa. Mwaka 1986 akiba za damu zaidi ya 1,200 za Afrika zilipimwa, na hiyo moja ikakutwa na virusi. Mwaka 1998 maandishi yake ya urithi yakatangazwa. Ikichanganywa na ushahidi mwingine wa Kinshasa wa mwaka 1960, ilisaidia kuonyesha mwaka 2008 kwamba virusi hivyo vilikuwa vikienea kwa binadamu tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Uvumi mwingi ulivunjwa na kichupa kimoja.

Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba kilichopatikana katika kichupa kile ni vipande vipande tu. Muda na uhifadhi wa siku zile vilikuwa vimekula sehemu kubwa. Lau ingewekwa vizuri zaidi, ingesema mengi zaidi.

Sasa tujiulize, ndugu msikilizaji: katika historia yote hii, baridi ilikuwa wapi? Ilikuwa Entebbe, Tororo, London na Edinburgh. Wagonjwa walikuwa wapi? Newala, Tinde, Lamu na vijiji kama vya Matiri. Damu ilitoka kwenye joto ikaifuata baridi. Kwa miaka mingi baridi ya vijijini ilikuwa friji ya mafuta ya taa katika zahanati ya misheni au ya serikali, nayo ilikuwa ya chanjo. Hata Songea mjini iliendelea kutegemea majenereta ya dizeli hadi mwishoni mwa miaka ya 2010, ndipo gridi ya taifa ilipofika. Kumwambia mganga wa zahanati ya wakati huo aweke damu katika nyuzi 80 chini ya sifuri kulikuwa sawa na kumwambia aulete mwezi.

Basi ipo njia ya pili ya kusimamisha kuoza, na watu wa Ziwa Nyasa wanaijua tangu enzi za mababu. Tembea ufukweni Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, utaona usipa wameanikwa. Hakuna aliyewawekea barafu. Maji yakitoka, kuoza hukosa pa kushikia. Damu nayo huweza kuanikwa. Mwanasayansi Ivar Bang alitumia karatasi ya kuchujia kuchukulia damu ya kupima sukari mapema mwaka 1913. Mwaka 1963 Robert Guthrie wa Marekani alichapisha njia ya kupima matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi, yaliyochukuliwa kisiginoni mwa watoto wachanga, ili kutambua maradhi ya kuzaliwa nayo. Karatasi hiyo iliweza kutiwa katika bahasha na kupelekwa kwa posta.

Njia hiyo imetufaa sana. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya UKIMWI hawezi kupimwa kwa kipimo cha kawaida cha kinga kabla ya miezi 18 na jibu likaaminika, kwa sababu bado amebeba kinga ya mama yake. Lazima kitafutwe kirusi chenyewe, na mashine ya kukitafuta haipo katika kila zahanati. Basi matone kutoka kisiginoni hukaushwa kwenye karatasi, na karatasi husafiri hadi maabara kubwa, kama ile ya hospitali ya rufaa Mbeya, bila barafu.

Vivyo hivyo kwa ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na vijinzi vya mito iendayo kasi na ambao huleta upofu. Ruvuma ni mojawapo ya maeneo ya Tanzania yanayojulikana kuwa na ugonjwa huo, na watu wake wamegawiwa dawa kwa miaka mingi. Tutajuaje kwamba umekwisha na dawa zisimamishwe? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka damu ya watoto walio chini ya miaka 10 ipimwe, na damu hiyo huchukuliwa kidoleni na kukaushwa kwenye karatasi. Uamuzi wa kuwaachisha dawa maelfu ya watu unategemea vitone vilivyoanikwa vizuri au vibaya.

Nasema vizuri au vibaya kwa sababu karatasi nayo ina masharti. Usipa wakinyeshewa huoza, na karatasi ikipata unyevu huharibika. Mbinga ina masika marefu na ukungu wa milimani. Karatasi yataka ianikwe kivulini kwa saa kadhaa bila kugusana na nyingine, kisha itiwe katika mfuko usiopitisha hewa pamoja na vipakiti vya dawa ya kunyonya unyevu. Tena karatasi haifanyi kila kazi. Atakaye virusi hai vya kuoteshwa, kama Ross mwaka 1953, hawezi kuvipata kwenye damu iliyokauka. Kwa hiyo tunazihitaji njia zote mbili, ya kukausha na ya kugandisha.

Na kuboresha hakuhitaji mashine ghali peke yake. Kutenganisha maji ya damu na chembe mapema, kabla ya safari, ni kazi ya muda mfupi, na huokoa vipimo vingi. Kuigawa akiba katika vichupa vidogo, kama walivyofanya Tororo, huepusha kuyeyusha yote kwa ajili ya kipimo kimoja, maana kila inapoyeyuka na kuganda tena hupungua thamani. Friji ya chanjo iachwe iwe ya chanjo. Daftari la joto lijazwe asubuhi na jioni kwa ukweli, hata siku umeme ulipokatika. Friji za nguvu ya jua zimekwisha kuthibitisha kwamba zahanati isiyo na waya wa umeme si lazima ikose baridi. Haya yote hufanyika mwanzoni mwa safari, penye yule mama wa Matiri. Jokofu la mjini, liwe kubwa namna gani, haliwezi kufufua damu iliyokufa kijijini.

Mara nyingi fedha za utafiti zikija hununua jengo na majokofu ya makao makuu, kwa sababu hayo ndiyo yanayopigwa picha siku ya ufunguzi. Mtoa damu wa kijijini, muuguzi aliyemdunga na dereva aliyebeba sanduku la barafu hawamo pichani. Hapo ndipo mnyororo hukatika.

Nimalize kwa jambo ambalo jokofu haliwezi kulitatua. Damu ya mtu ikitoka mwilini mwake ni amana mikononi mwa aliyeichukua, wala haiwi mali yake. Majina ya Robinson, Lumsden na Ross yamo vitabuni. Mgonjwa aliyetoa ile S27 amebaki namba. Kumficha jina ni haki, maana siri ya mgonjwa ni siri. Lakini kumnyima habari si haki. Taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na siku hizi anayetaka kutoa sampuli nje ya nchi hutakiwa kuwa na kibali na mkataba wa kueleza zinakwenda wapi na kwa kazi gani. Hiyo ni hatua kubwa kuliko siku za Tinde. Iliyobaki ni kuhakikisha kwamba jibu nalo linarudi kwa njia ileile damu iliyopita, hadi kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili cha kueleweka.

Methali yetu basi tusiitupe. Akiba haiozi ikiwa mwenye kuiweka anajua thamani yake na anamkumbuka mwenye nayo. Damu ya Leopoldville ilijibu swali ambalo mwaka 1959 halikuwa limeulizwa. Yumkini damu inayochukuliwa mwaka huu Mbinga italeta jibu la maradhi ambayo bado hayajapewa jina. Tuiweke kama tunavyoweka mbegu, tukijua kwamba wajukuu ndio watakaopanda.

Kwaherini, na tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.